Nadhiri ya Kadeti Tully

Balsall Heath, Birmingham
Jumapili, 9 Januari 1972

Bibi yangu mpenzi,

Shikamoo. Leo ni tarehe tisa Januari. Nje inanyesha mvua iliyochanganyika na theluji, nami nimekaa jikoni nikiwa nimeazimia kukueleza kila kitu, bila kupunguza wala kuongeza. Mwalimu wetu wa Kiingereza anasema barua nzuri huanza na jambo kubwa. Baba anasema kumwanza Bibi na jambo kubwa kabla ya kumuuliza hali ni utovu wa adabu. Basi, magoti yanaendeleaje? Na lile jino? Sisi sote wazima. Sasa jambo kubwa.

Naomba ruhusa niwe kadeti.

Tafadhali Bibi, usiitupe barua. Na wewe ndugu yangu Sikuzani unayemsomea, msomee haraka sentensi inayofuata. Si kadeti wa bunduki. Ni makadeti wa huduma ya kwanza, wasichana peke yao, wanaofundishwa kufunga bendeji, kumbeba mtu aliyezimia na kutembea kwa mguu sawa. Wanakutana Jumamosi asubuhi katika ukumbi wa skuli. Kiongozi wao ni Miss Pritchard, mwalimu wetu wa sayansi, ambaye sijawahi kumwona akicheka. Wiki iliyopita alinitazama nikimimina maji kwenye chupa nyembamba, akasema, "Shemsa Vuai, una mikono iliyotulia." Ameniwekea nafasi moja iliyobaki mpaka Pasaka. Bibi, mimi hapa skuli sijawahi kuchaguliwa kwa jambo lolote, hata kubeba chaki.

Baba hakukataa. Alivua kofia yake ya ukondakta, akaitazama, akasema, "Nilipoondoka Unguja nilimwahidi mama yangu kuwa neno lolote la binti huyu litapita kwake kwanza. Mwandikie. Akisema ndiyo, nami nimesema ndiyo." Mama akauliza, "Na akisema hapana?" Baba akavaa kofia, akaenda kazini.

Ili ujue kadeti ni mtu wa namna gani, nitakueleza mchezo tunaoutazama kila Jumapili jioni katika televisheni ya jirani yetu, Bi Kulwant, mama yake rafiki yangu Inderjit. Ni kama ile michezo ya redio unayoipenda, ila watu unawaona. Unahusu Harrowmoor, chuo cha zamani cha kufundisha maofisa wa jeshi. Kadeti ninayempenda anaitwa Tully. Ni mwembamba kama ufagio, mtoto wa muuza makaa, na kofia yake inamfika masikioni. Wenzake wote ni watoto wa mabwana. Sajini Meja Grubb humpigia kelele mpaka Bi Kulwant humziba masikio mtoto wake mchanga. Inderjit humtafsiria mama yake kila kinachosemwa, lakini Tully akianguka hakuna haja ya tafsiri, maana huanguka vizuri sana. Na kila Jumapili, hata awe amechoka vipi, Tully humwandikia mama yake barua.

Ndiyo maana nimekutajia huyu.

Mjukuu wako mtiifu,
Shemsa


Vikokotoni, Unguja
20 Januari 1972

Mjukuu wangu Shemsa,

Nasema mimi Bi Mize binti Haji, na Sikuzani anaandika. Magoti yapo. Jino limetoka lenyewe kwenye kipande cha muwa, nimeshukuru.

Kuhusu ukadeti: hapana. (Bibi ameniambia niandike neno hilo kwa herufi kubwa, lakini karatasi ni ndogo. — Sikuzani.) Mtoto wa kike apige mguu chini kwa nini? Ardhi imemkosea nini? Na hiyo sare je? Sikuzani anasema sketi za huko hazifiki magotini. Mimi magoti yangu nayafunika kutwa na bado yananiuma; ya kwako katika theluji yatakuwaje?

Sasa niambie, huyo mtoto wa muuza makaa wanamlisha nini? Mtu hawi mwembamba kama ufagio bure. Mama yake ana habari? Na huyo Sajini Meja, ameoa? Mwanamume anayempigia kelele mtoto wa mwenzake namna hiyo, kwake huwa hasikilizwi na mtu. Niandikie haraka. Usidhani nimelegea. Ni kwamba majirani walikuwapo barua iliposomwa, nao wanauliza.

Bibi yako,
Bi Mize binti Haji

Shoga, Bibi amekwenda kusali, naongeza langu. Ile "hapana" aliisema akiwa amekunja uso kweli. Lakini asubuhi nimemsikia mlangoni akimsimulia muuza samaki habari za "Tali", mpaka samaki wakaingia nzi. Endelea kuandika.
S.


Balsall Heath, Birmingham
Jumapili, 30 Januari 1972

Bibi yangu mpenzi,

Shikamoo. Nimepokea ile hapana. Sikulia sana.

Naomba tu ujue kwamba nimemwomba Miss Pritchard niipime sare kwa rula. Inashuka chini ya goti kabisa, na soksi zake ni nzito kama blanketi. Aliniuliza napima kwa ajili ya nani. Nilisema kwa ajili ya Bibi yangu aliye Unguja. Akasema, "Mwanamke mwenye busara," akaandika kipimo mwenyewe ili nisikosee.

Maswali yako sasa. Makadeti hulishwa uji mzito wa shayiri na nyama ya kuchemsha. Tully hula chote na bado haonekani kunenepa. Sajini Meja hatujaonyeshwa mke wake. Bi Kulwant anaamini alimkimbia.

Wiki iliyopita kijana mmoja tajiri, Lascelles, alimjazia Tully jamu katika buti kabla ya gwaride. Tully akazivaa na kutembea hivyo hivyo, jamu ikimtokea juu ya soksi, na alipoulizwa ni nani aliyefanya, hakumtaja. Bi Kulwant alilia. Mimi pia kidogo.

Lakini niliahidi kukueleza kila kitu, kwa hiyo naandika na hili, ingawa linanidhuru. Jumapili hii Tully alikunywa bia, glasi moja na nusu. Lascelles na wenzake walimshawishi, kisha akapanda juu ya paa la zizi la farasi akaimba. Sajini Meja akamkuta. Sasa mkuu wa chuo amemwambia kwamba mtihani wa mwisho ndio utakaoamua. Akishindwa somo lolote, anarudi nyumbani kubeba magunia ya makaa. Mtihani na matokeo vitaonyeshwa Jumapili tarehe ishirini Februari, nao utakuwa mwisho wa mchezo.

Si makadeti wote wanaokunywa bia. Miss Pritchard hunywa maziwa.

Mjukuu wako mtiifu,
Shemsa


Vikokotoni, Unguja
9 Februari 1972

Shoga yangu Shemsa,

Hii ni barua yangu mimi Sikuzani, si ya Bibi. Isome peke yako.

Bia imekuwa tangawizi. Ningefanyaje? Barua yako ilifika baada ya alasiri, na kabla sijaifungua barza ya mlangoni ilishajaa. Bibi, majirani wa kulia, majirani wa kushoto, na Maalim Mbarouk wa chuo cha Kurani ambaye alisema "anapita tu" kisha akavua viatu. Nikafika kwenye lile neno lako. Wewe na kila kitu chako! Nikasoma, "Tully alikunywa tangawizi, glasi moja na nusu."

Maalim akainua kichwa. "Tangawizi inampandishaje mtu juu ya paa?"

Bibi akamjibu bila kumtazama, "Ya Ulaya huwekwa kali, Maalim, wapate joto."

Sasa kaa chini. Niliposoma habari ya mtihani, Bibi aliinua mikono mbele ya watu wote. Ameweka nadhiri. Nayanukuu maneno yake: "Mtoto yule yatima akifuzu, nitapika mikate ya kumimina niwalishe watoto wa chuo cha Maalim, na mjukuu wangu nitampa ruhusa ya ukadeti. Akishindwa, basi, haikuandikwa."

Nikamwambia, "Bibi, Tully si yatima, mama yake yupo."

"Yuko pale chuoni, anamwona anavyopigiwa kelele?"

"Hapana."

"Basi ni yatima."

Maalim akakohoa, akasema, "Bi Mize, lakini huyu ni mtu wa mchezo. Kufuzu kwake kumeshaandikwa na mtunzi tangu mwaka jana."

Bibi akamwambia, "Maalim, nadhiri ni yangu au yako?" Maalim akavaa viatu.

Kwa hiyo, shoga, ukadeti wako uko juu ya kichwa cha Tully. Mwombee. Na ukimwona anakaribia chupa, usituandikie.

Nduguyo,
Sikuzani


Northfield, Birmingham
Jumatatu, 21 Februari 1972

Shemsa mpendwa,

Mamako aliniambia jinsi unavyongoja neno langu kuhusu mwisho wa Tully, kwa hivyo namtuma kijana wa kanisani akuletee kikaratasi hiki. Pole sana kwa giza la jana lililowanyima kutazama. Mgomo huu wa wachimba makaa utatumaliza. Sisi huku Northfield zamu yetu ya kukatiwa stima ilikuwa asubuhi, kwa hivyo jioni televisheni ya hosteli ya wauguzi ilikuwa inawaka sawasawa, nami nikakaa kiti cha mbele kama nilivyokuahidi.

Ukweli wa Mungu, Shemsa, nilikuwa nimetoka wadini na miguu inawaka moto. Nilimwona Tully akipanda ukuta wa mtihani. Nikamwona akiulizwa maswali ya ramani. Sajini Meja alipoanza kusoma majina ya waliopita, akaanza na A, na wewe unajua T iko mbali. Usingizi ukanibeba.

Nilifungua macho muziki wa mwisho ukilia. Tully alikuwa amekumbatiwa na mama mmoja aliyejifunga shali, wanalia wote wawili. Kama ni kilio cha furaha ama cha huzuni, siwezi kukuapia. Huku wadini naona watu wakilia vile vile kwa mambo yote mawili.

Nisamehe.

Anti yako,
Magdalene


Balsall Heath, Birmingham
Jumatano, 23 Februari 1972

Bibi yangu mpenzi,

Shikamoo. Sijui nianze wapi, kwa hiyo naanza na giza.

Wachimba makaa wa nchi hii wamegoma, umeme hautoshi, na kila mtaa una zamu yake ya kukatiwa. Jumapili tulikuwa kwa Bi Kulwant mapema, tumeshakaa, chai imeshamiminwa. Muziki wa Harrowmoor ukaanza. Tully akatokea, amechana nywele, ameshika kofia kifuani. Kisha akawa kitone kidogo cheupe katikati ya kioo, na kitone chenyewe kikazimika. Bi Kulwant alisema maneno ya Kipunjabi ambayo Inderjit alikataa kuyatafsiri. Mtoto wa muuza makaa, Bibi, na tumemkosa kwa sababu makaa hayapo.

Tangu siku hiyo nimetafuta shahidi. Anti Magdalene, muuguzi wa Kikenya rafiki wa Mama, alikuwa na umeme lakini akasinzia kwenye herufi A. Alipoamka, Tully na mama yake walikuwa wanalia. Narinder, binamu yake Inderjit, anakaa Acocks Green, na huko taa zilikuwa zinawaka. Lakini ami yake alikuwa anataka mieleka, kila mara anageuza kituo, na Narinder anachokumbuka ni kwamba Sajini Meja alimpa Tully mkono. Nikafurahi. Kisha akasema huenda alikuwa anamuaga. Mtu wa posta alituambia kwa hakika kabisa kwamba yule mwembamba alifukuzwa kwa kuiba farasi, ila tulipomhoji tukagundua anazungumzia mchezo mwingine.

Bibi, najua nadhiri yako. Ningeweza kuandika neno moja tu hapa na jambo likaisha. Nimelitazama neno hilo kwa muda. Siwezi kusema amefuzu, kwa sababu sijui. Siwezi kusema ameshindwa, kwa sababu sitaki.

Miss Pritchard ananiuliza kila akiniona ukumbini. Namwambia bado.

Mjukuu wako mtiifu,
Shemsa


Vikokotoni, Unguja
28 Februari 1972

Mjukuu wangu Shemsa,

Nasema mimi Bi Mize binti Haji. Kwa kuwa mtoto Tali amefuzu, na nadhiri nimeilipa mbele ya watu, ruhusa ya ukadeti nimekupa. Mwambie baba yako atie saini panapotiwa saini. Vaa nguo nzito.

Bibi yako

Shoga, usishangae, au shangaa lakini usipige kelele. Barua yako ilikuwa haijafika. Kila siku barza inajaa. "Sikuzani, posta?" "Sikuzani, Tali?" Muuza samaki ameacha njia yake ya kawaida, anaanzia kwetu. Ijumaa Bibi alikuwa ameshaloweka mchele, watoto wa chuoni wameshakaa ukumbini wamenyoosha miguu, na Maalim anasema, "Kama hakuna habari, basi tuwarudishe." Watoto wakaanza kulia. Nikaingia chumbani, nikaichukua barua yako ya Januari, ile ya jamu, nikatoka nayo nikasimama mlangoni nikasoma.

Shoga, nilisoma vizuri! Nilimpandisha ukuta, nikamvusha mto, nikamfanya Lascelles amwombe radhi mbele ya kikosi. Sajini Meja alitokwa na chozi moja. Barza nzima ilipiga vigelegele. Mikate ililiwa mpaka ya jirani.

Ruhusa umepata. Vaa sare yako, nyamaza.
S.


Vikokotoni, Unguja
6 Machi 1972

Shemsa,

Barua yako ya giza imefika leo. Iko chini ya godoro langu na itakaa hapo. Nakuomba kwa jina la udugu wetu, usimwandikie Bibi barua nyingine ya kunisomesha mimi habari za Tully. Maalim Mbarouk ameshaanza kuuliza Tully amepelekwa kikosi gani. Nikifikiria wale watoto wakiambiwa mikate waliyokula haikuwa halali yao, natamani kuhamia Pemba.

S.


Balsall Heath, Birmingham
Jumapili, 12 Machi 1972

Ndugu yangu Sikuzani,

Barua zako zote mbili zimefika. Umeniomba nisimwandikie Bibi barua nyingine ya kusomwa na wewe kuhusu Tully. Sitaandika.

Shemsa


Balsall Heath, Birmingham
Jumatatu, 13 Machi 1972

Bibi yangu mpenzi,

Shikamoo. Nisamehe mwandiko. Herufi zangu za Kiarabu zinapanda na kushuka kama ngazi, kwa sababu Baba amenifundisha kuzisoma katika msahafu, si kuandika nazo barua za Kiswahili. Neno moja linanichukua muda wa kupika chai.

Jana nilimwendea Baba nikamwambia nina jambo la kumweleza Bibi ambalo mwenye kumsomea hapaswi kulisoma, na kwamba kwa hiyo haliwezekani, kwa kuwa Bibi hajui kusoma. Baba akaiweka chini kofia yake. "Nani kakwambia hajui? Mama yangu ndiye aliyenifundisha mimi kusoma. Hasomi herufi za kizungu, basi. Mashairi ya babu yako yote aliyanakili yeye, kwa herufi za chuoni." Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema, "Hukuuliza. Na tangu upate mwandiko mzuri, nimekuwa mvivu."

Bibi, Tully huenda hakufuzu. Sijui, na hakuna ninayemjua anayejua. Umeme ulikatika mwanzoni kabisa. Nilikuandikia hivyo tarehe ishirini na tatu Februari, lakini barua haikusomwa. Uliyosomewa Ijumaa ile hayakutoka kwangu. Tafadhali usimpige Sikuzani. Watoto walikuwa wanalia, naye alitaka nipate. Tena nasikia alisoma vizuri.

Kuna na jambo jingine. Haikuwa tangawizi.

Baba alishatia saini. Sare niliazimwa, imetundikwa nyuma ya mlango wa chumba changu. Ni ya kijivu, ina vifungo vyeupe. Mara moja tu niliivaa, nikajitazama kwenye kioo cha Mama, na Bibi, nilionekana kama mtu anayejua la kufanya. Kisha nikaivua. Sijajiunga na kikosi. Nimemwambia Miss Pritchard ruhusa yangu ina kasoro. Akasema, "Kasoro gani?" Nikasema, "Ilipatikana kwa mtihani ambao hatujui matokeo yake." Akasema Pasaka ni tarehe mbili Aprili na kuna msichana mwingine anayeitaka nafasi.

Ukisema hapana tena, nitairudisha sare nikiwa nimeipiga pasi.

Mjukuu wako mtiifu,
Shemsa


Vikokotoni, Unguja
21 Machi 1972

Kwa mjukuu wangu Shemsa binti Vuai,

Baada ya salamu. Hii naandika mwenyewe, kwa kalamu ya marehemu babu yako, na macho yanatiririka kwa sababu ya wino mkali, si kwa sababu nyingine.

Barua yako niliipata kwa heshima kubwa. Sikuzani aliifungua, akaona herufi za chuoni, akadhani umetuletea dua kutoka Birmingham. Akaibusu, akaiweka juu ya paji la uso, akanipa kwa mikono miwili. Nikakaa naye hapo hapo nikaisoma kimoyomoyo, yeye akiitikia "amin" kila niliposhusha pumzi. Nilipofika kwenye tangawizi nikamtazama. Akasema amin.

Sasa sikiliza. Barua aliyosoma Sikuzani siku ya mikate nilijua ni ya zamani. Ilikuwa na doa la mafuta ya sambusa, na doa lenyewe nililitia mimi. Tena wewe katika barua zako mtu hatokwi na chozi moja. Hulia "kidogo" au hulia "sana". Lakini mchele ulishasagwa, nazi zimeshakunwa, na watoto wameshanyoosha miguu. Ningewaambia nini? Nikapika. Chakula kimeliwa, kimekuwa sadaka, na Maalim amenithibitishia kuwa sadaka hairudishwi. Ameniambia huku anakula.

Ruhusa nilikupa ile siku kwa aibu ya watu. Nikakaa nikingoja nione utaivaa au utaniuliza. Wiki ya kwanza kimya. Ya pili kimya. Nikasema, basi, kapata alichotaka, mtoto ni mtoto. Nikakasirika, na hasira ile nilimmalizia muuza samaki, maskini. Kisha ikaja dua yako.

Mimi nilidhani ukadeti ni kupiga mguu chini. Naona kumbe wewe ulishaanza bila mguu wala sare. Nenda. Hii ni ruhusa yangu mwenyewe, Tali hayumo. Mwambie huyo mwalimu asiyecheka kwamba kasoro imeondoka.

Masharti ni haya. Suruali ndani ya sare. Mtandio chini ya kofia. Na mwanamume asiyekuwa baba yako hutamfunga bendeji, hata akivuja damu kama bomba, mwite mwingine. Hilo la mwisho halina mjadala mpaka nilipime vizuri.

Sikuzani hajapigwa. Anakuna nazi za chuo kizima mpaka nitakaposahau, na mimi sisahau upesi. Jioni anatusimulia hadithi za kutunga mwenyewe, na sasa tunajua kuwa ni za kutunga. Barza bado inajaa.

Na bado nataka kujua kama mtoto yule alifuzu. Ulizia.

Bibi yako,
Mize binti Haji


Balsall Heath, Birmingham
Jumapili, 16 Aprili 1972

Bibi yangu mpenzi,

Shikamoo. Baba aliisoma barua yako akiwa amesimama, kisha akaisoma tena amekaa. Mama anasema sasa Baba amekwisha, maana itabidi akuandikie mwenyewe kwa mkono wake.

Nimeshakuwa kadeti! Nilifika kwa Miss Pritchard siku ya mwisho kabla ya likizo ya Pasaka, nikamwambia kasoro imeondoka, na nikamtajia masharti yako yote matatu. Akayaandika katika daftari la kikosi chini ya jina langu, kama anavyoandika maradhi ya wengine. Suruali ya kijivu Mama ameishona, haionekani. Mtandio unafanya kofia isinidondoke, na wasichana wawili wameniuliza wao watapata wapi mtandio.

Na Tully nimempata! Miss Pritchard alikuwa na umeme. Hakuwahi kuniambia kwa sababu sikuwahi kumuuliza. Sikudhani mtu kama yeye anatazama mchezo. Tully alifuzu ukuta, ramani na farasi, akashindwa gwaride. Hawakumfukuza. Walimwambia arudie muhula mmoja, na Sajini Meja Grubb akampa mkono akamwambia asichelewe kurudi. Mama yake alilia kwa sababu ya yote. Miss Pritchard aliponieleza alikuwa amegeukia dirishani, anapangusa kioo ambacho kilikuwa kisafi. Mwambie Sikuzani kwamba si mbali sana na alivyosoma yeye, ila Lascelles hakuomba radhi.

Sasa Bibi, ninalo tatizo, na limetokana na sharti la tatu. Katikati ya Mei tuna mtihani wetu wa kwanza. Nikishinda nitapewa beji na nitakwenda kambini na wenzangu. Nikishindwa nitangoja mwaka mzima. Kila kadeti lazima afunge bendeji ya paja lililovunjika. Wenzangu wote watamfunga mgonjwa mmoja, na mgonjwa huyo anaitwa Bwana Jones. Bwana Jones ni sanamu. Miss Pritchard alimshona mwenyewe kwa magunia, akamjaza vipande vya soksi kuukuu. Ningefurahi kama angeishia hapo. Lakini alimvalisha suruali na fulana ya marehemu baba yake, akamchora macho, na juu ya mdomo akamchora masharubu makubwa yaliyosokotwa.

Jana ilipofika zamu yangu ya kujaribu, nilipiga magoti, nikaitoa bendeji, nikamtazama Bwana Jones, na sikuweza kuendelea. Miss Pritchard akaniuliza kuna nini. Nikasema, "Samahani, Miss, bado sijui Bibi anamhesabuje." Wasichana walicheka sana. Miss Pritchard hakucheka. Alimtazama Bwana Jones, akalifungua daftari, akasoma sharti la tatu kwa sauti, akasema, "Ni swali halali. Liulize." Kisha akasema yuko tayari kuyafuta masharubu kama ukiona inafaa, ila suruali ya baba yake angeomba ibaki.

Sitaki kuamua mwenyewe kisha nikuambie baadaye. Inderjit anasema asiye na roho si mwanamume. Baba anasema swali hili linamzidi. Mama anasema Bwana Jones ni mto wa kulalia, tuache upuuzi. Lakini sharti ni lako, na mikono yangu iko tayari. Kwa hiyo nakuomba unijibu kwa posta ya kurudi, kwa mwandiko wako mwenyewe ili Miss Pritchard aubandike daftarini: Bwana Jones, wa magunia, mwenye masharubu, ni mwanamume au si mwanamume?

Mjukuu wako mtiifu,
Kadeti Shemsa Vuai